Kweli Mbili za Tangi la Maji

Mwaka 1953, hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni kwa sababu ya uasi wa Wakikuyu ikiwa inakaribia kutimiza mwaka mzima, Kiilu Muasya alikuwa mfasiri katika kiwanda kidogo cha uchapaji mjini Thika. Mwenye kiwanda alikuwa mzungu aitwaye Ludlow. Kila Ijumaa kiwanda kilitoa karatasi ya kurasa nne, jina lake Taa ya Mfanyakazi, na wenye mashamba ya kahawa na katani waliinunua kwa mafungu wakawagawia watu wao bure. Ludlow aliandika kwa Kiingereza. Kiilu alitia katika Kiswahili, akapiga taipu, akasahihisha herufi kabla mashine haijaanza kunguruma.

Alikuwa hodari, na alijijua. Kiswahili alikipata misheni, akakinoa jeshini Burma alikokuwa karani, na alipenda sentensi iliyokaa vizuri kama mtu mwingine anavyopenda kiatu kilichong'arishwa. Ludlow naye alipenda kumfundisha.

"Usiandike uongo, Kiilu," alimwambia siku moja. "Uongo hukamatwa. Chukua kweli mbili, uziweke kando kwa kando. Msomaji ataziozesha mwenyewe, na mtoto atakayezaliwa hapo atampenda kuliko neno lolote ambalo ungemwambia wewe."

Siku nyingine alimwambia, "Usiseme fulani alisema. Sema inajulikana. Fulani anaweza kufuatwa kwake akaulizwa. 'Inajulikana' haina nyumba."

Kiilu alicheka. Aliyaona kama maarifa ya kazi, sawa na kujua namna ya kupanga nafasi kati ya mistari.

Alhamisi moja mwishoni mwa Septemba, Ludlow alimwekea mezani barua kutoka kwa meneja wa shamba moja la kahawa karibu na Ruiru. Ilikuwa fupi. Jumatatu, Wakikuyu wawili walionekana juu ya tangi la maji la shamba. Jumatano, watoto tisa wa Wakamba walianza kuhara na kutapika. Mtoto mmoja wa kike alikuwa amekufa asubuhi hiyo. Ludlow akachomoa kwenye kabati picha ya ng'ombe aliyekufa kando ya hori tupu. Kiilu aliitambua mara moja. Ilipigwa Ngoliba wakati wa ukame, miaka miwili nyuma, na ilishawahi kuchapwa.

"Chini yake andika swali," Ludlow alisema. "Nani atafuata? Swali halina kosa."

Kiilu aliandika. Alipomaliza aliona habari imekosa mkia, kwa hiyo akaongeza methali yeye mwenyewe: Mwenye macho haambiwi tazama. Ludlow alipotafsiriwa maneno hayo alimpiga bega kwa furaha. Kiilu alikwenda nyumbani akiwa ameridhika.

Jumamosi saa nne asubuhi, dada yake Mwongeli alisimama mlangoni pa kiwanda. Alikuwa amekuja kwa basi kutoka Ruiru, na uso wake ulikuwa umechakaa kama wa mtu aliyekesha. Mwongeli aliolewa na Wainaina, Mkikuyu, fundi wa mabomba, na waliishi katika laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, za shamba hilohilo. Alifungua pindo la leso akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Wewe unafanya kazi hapa," alisema hata kabla ya kusalimu. "Nani aliandika hii?"

Kiilu aliitazama. "Mambo yote hutoka kwa Bwana."

"Mimi sijui kusoma. Tulisomewa jana jioni pale kwenye kibanda cha kupimia kahawa. Hao Wakikuyu wawili wa juu ya tangi, mmoja ni Wainaina."

Kiilu aliichukua ile karatasi mkononi mwake. "Alikuwa anafanya nini juu ya tangi?"

"Alikuwa kazini! Ni fundi wa maji, ulitaka apande juu ya kanisa? Kihara mwenyewe alimtuma." Kihara ndilo jina ambalo wafanyakazi walimpa meneja kwa ajili ya upara wake. "Na hapa wanasema watoto tisa. Mwanangu amelala siku ya nne hashiki hata uji. Yeye hakuhesabiwa, kwa kuwa baba yake ni Mkikuyu. Sasa niambie, Kiilu, huyo baba alimtilia mtoto wake sumu?"

Lile swali la kwanza, la mtu kufanya nini juu ya tangi, Kiilu alikuwa na siku nzima ya Alhamisi ya kuliuliza. Hakuliuliza.

"Wanasemaje huko laini?" alisema.

"Hawasemi. Ndiyo inanitisha. Mtu akipiga kelele najua la kufanya. Hawa wananoa panga kimya. Mulei ndiye aliyezika mtoto, yule Nduku wake, na wengine wanamfuata yeye. Kesho wakitoka kanisani watakwenda laini za Wakikuyu. Mke wake mwenyewe ameniambia nitoke, kwa kuwa mimi ni Mkamba mwenzao. Na kila mtu anarudia maneno yale ya mwisho, mwenye macho haambiwi tazama. Wamama wanayasema wakichota maji."

"Wainaina aondoke leo."

"Aende wapi? Akivuka lango bila barua ya ruhusa, ni askari. Akibaki, ni Mulei."

Kiilu alimwambia amsubiri nje. Aliingia kwa Ludlow na karatasi mkononi, akamweleza kwamba watu wale walikuwa mafundi waliotumwa na meneja, na kwamba watu wangeuawa kesho. Aliomba wachape karatasi nyingine leo hii, ukurasa mmoja tu.

Ludlow alisoma Kiingereza chake tena, kidole kikifuata mstari. "Nionyeshe neno la uongo hapa."

Kiilu alitafuta. Walionekana juu ya tangi: kweli. Watoto waliugua: kweli. "Picha," alisema.

"Tumeandika kwamba ng'ombe huyo ni wa shamba lile?"

"Hapana, Bwana."

"Basi kama kuna jipya, tutaliandika Ijumaa." Akavuta barua nyingine.

Nje, Kiilu alimpeleka dada yake stendi ya basi. Alitaka kumwambia. Mara mbili alifungua mdomo. Mwishowe alisema tu kwamba atakuja kesho, na Mwongeli akaitikia kwa kichwa, akapanda.

Jumapili aliondoka na baiskeli kukiwa kumepambazuka. Juja askari walimsimamisha, wakatazama kipande chake cha kitambulisho, wakaona ni Mkamba, wakamwachilia bila hata kumuuliza aendako. Alikanyaga pedali akifikiria kwamba Wainaina, aliyeishi Ruiru miaka kumi na miwili, asingeweza kupita hapo.

Alipofika shambani kanisa lilikuwa limeshatoka. Wanaume kama arobaini walikuwa wamesimama mbele ya kibanda cha kupimia kahawa, wamevaa mashati yao ya Jumapili, na panga mikononi. Mbele yao alikuwa Mulei, mtu mrefu, macho mekundu, koti la jeshi limefungwa mpaka shingoni ingawa jua lilikuwa kali. Hatua thelathini mbele zilianza laini za Wakikuyu, milango yote imefungwa. Mbele ya mlango mmoja Mwongeli alikuwa amekaa juu ya kiti, mikono kifuani.

Kiilu aliegemeza baiskeli akaenda kusimama katikati ya njia. Aliwasalimu kwa Kikamba.

"Wewe ni kaka yake Mwongeli," Mulei alisema. "Mchukue dada yako uende naye. Hatuna neno na yeye."

"Nitamchukua, Baba Nduku. Nikupe pole kwanza. Pole sana."

Mulei alilihamisha panga lake mkono wa pili.

"Mnakwenda kwa ajili ya ile karatasi?"

"Tunakwenda kwa ajili ya mtoto wangu."

"Nani aliwaona wale watu wakitia kitu ndani ya maji?" Kiilu aliuliza. "Mmoja wenu aliona?"

"Inajulikana," mtu mmoja alijibu kutoka nyuma, na wengine wakanguruma kukubali.

Kiilu alisikia neno alilolitia katika karatasi likimrudia, akaona kwamba hoja hazingemsaidia. Watu hawa walikuwa na mtoto kaburini. Alitazama nyuso moja baada ya nyingine mpaka akamwona Zacharia, mwalimu wa kanisa, mzee mfupi mwenye Biblia kwapani. Zacharia pekee hakuwa na panga. Alikuwa amewafuata ili awaombe warudi, na hakuna aliyemsikiliza.

"Niambieni," Kiilu alisema. "Jumapili iliyopita watoto wenu walikula wapi nje ya nyumba?"

Walitazamana. "Pale kanisani," mmoja alisema. "Mwalimu huwagawia maandazi wakimaliza masomo yao."

Basi Kiilu akakaza mgongo, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ileile ya Taa ya Mfanyakazi, polepole, kama msomaji anayefuata mistari:

"Jumapili, mtu mmoja aliwakusanya watoto wa Wakamba akawapa chakula kwa mkono wake mwenyewe. Siku tatu baadaye, watoto haohao walianza kutapika. Inajulikana kwamba mtu huyo hana mtoto mdogo nyumbani kwake. Leo wanaume wote wa laini wamekasirika. Yeye peke yake amekuja bila panga. Kwa nini? Mwenye macho haambiwi tazama."

Vichwa viligeuka. Havikugeuka vyote kwa mara moja, lakini viligeuka, na duara likafunguka kumzunguka Zacharia. Mzee alirudi nyuma hatua moja, Biblia ikaanguka.

"Ndugu zangu," alisema, "mke wangu ndiye aliyekaanga. Hata mimi nilikula. Ndugu zangu!"

Kijana mmoja wa mbele alikuwa ameshainua mkono. Kiilu aliruka akaushika kwa mikono yake yote miwili. Kwa pumzi moja aliogopa kwamba amekwisha kumwua mzee asiye na kosa.

"Simameni!" alipiga kelele kwa Kikamba. "Nimesema uongo gani? Niambieni! Maandazi ni uongo? Ugonjwa ni uongo? Kila neno ni kweli, na Mwalimu hajafanya kitu! Nimechukua kweli mbili nikaziweka kando kwa kando, ninyi mkaziozesha. Mmeona shingo zenu zilivyogeuka? Zilivyogeuka kwa haraka? Mtu huyu aliwabatizia watoto wenu!"

Yule kijana alishusha mkono. Zacharia aliinama akaokota Biblia yake.

"Hivyo ndivyo nilivyofanya Alhamisi," Kiilu alisema.

Mulei alimsogelea. "Ulisema nini?"

"Ile karatasi niliandika mimi. Bwana alinipa barua ya meneja, nami nikaitia maneno. Yale ya mwisho hata hakuyasema Bwana. Niliyatia mimi, kwa kuwa yalisikika vizuri. Na yule ng'ombe ni wa Ngoliba, alikufa kwa kiu, mwaka wa ukame."

Kule mlangoni Mwongeli alisimama. Alikuwa amesikia.

Ngumi ya Mulei ilimpata Kiilu mdomoni akaanguka kwa mgongo. Mulei alisimama juu yake, panga likining'inia kando ya mguu.

"Basi nini kilimwua mtoto wangu?" alisema. Hakupiga kelele. "Wewe unayejua maneno. Sema."

Kiilu alitema damu. "Sijui, Baba Nduku. Alhamisi pia sikujua, nikaandika kama mtu anayejua."

Ndipo mlango mmoja wa laini za Wakikuyu ulipofunguliwa, akatoka Gathoni, mama mnene wa makamo aliyekuwa dresa wa shamba, yule anayefunga vidonda na kugawa dawa. Alikuja moja kwa moja, aproni yake nyeupe imefungwa vizuri. Alisimama mbele ya Mulei.

"Mimi nimeletewa watoto kumi na sita," alisema. "Tisa wenu, saba wetu. Habari za wale saba hakuna aliyeniuliza, si meneja wala ninyi. Mmoja tulimzika jana jioni. Hatukulia kwa sauti kwa sababu tuliwaogopa."

"Jana?" Mulei alisema.

"Jana. Mvulana, miaka miwili."

Mulei alitazama zile laini zilizofungwa. Kisha akaanza kutembea, peke yake, mpaka mlangoni pa Wainaina. Mwongeli hakusogea.

"Nataka kumwuliza," Mulei alisema.

"Weka panga chini kwanza."

Aliliegemeza ukutani. Mwongeli alisubiri hadi mkono wake ulipoliachilia, ndipo akagonga mlango nyuma yake kwa kisigino. Wainaina alitoka na mtoto begani, kichwa cha mtoto kimelegea. Hakuna aliyewahi kuona fundi huyo akiwa na hofu, na sasa kila mtu aliiona.

"Ulifanya nini juu ya tangi?" Mulei aliuliza.

"Nilifunga bomba jipya," Wainaina alisema. "Mto umepungua kule juu tulikokuwa tukivuta maji. Bwana alitaka tuhamishe mdomo wa bomba uje chini. Nikamwambia, Bwana, pale ni chini ya mfereji wa mashine ya kahawa, uchafu wote unamwagika hapo, na maji yananuka. Akaniambia nifunge ninyamaze. Nikafunga." Akatazama chini. "Na mimi nikanyamaza."

Walikwenda mtoni wote, Wakamba mbele, Wakikuyu wakitoka mmoja mmoja milangoni na kuwafuata kwa mbali. Mdomo wa bomba ulikuwa pale alipousema, ndani ya dimbwi jeusi lililofunikwa na maganda ya kahawa yaliyooza. Upepo ulipovuma watu walifunika pua. Mtu mmoja akapaza sauti, "Ni Kihara! Ameua watoto akasingizia wengine! Twende kwake!"

Mapanga kadhaa yaliinuka tena. Kiilu alitaka kusema, lakini mdomo ulikuwa umevimba, na aliyesema alikuwa Mulei.

"Polepole. Bomba hapa, watoto kule. Hizo nazo ni mbili kando kwa kando." Akamgeukia Gathoni. "Mama, tutajuaje?"

Gathoni alifikiri. "Tuchote maji kule juu ya mfereji, hata kama ni machache, na yachemshwe kabla ya kunywewa. Yale ya tangi yasiguswe. Tuhesabu siku. Wakiendelea kuugua, si maji. Wakiacha, mtajua pa kuanzia kuuliza."

Hakuna aliyefurahia jibu hilo. Mtu mwenye panga hataki kuambiwa ahesabu siku. Lakini walirudi laini, na jioni hiyo wanawake wa pande zote mbili walipanda na madebe mpaka juu ya mfereji, wakapanga foleni moja kwa kuwa njia ilikuwa nyembamba.

Ilipofika Ijumaa hakuna mtoto mwingine aliyekuwa ameugua. Mtoto wa Mwongeli alianza kula. Wanyapara wawili, mmoja wa kila upande, walimwendea meneja wakamweleza walichokiona, bila kumshutumu. Jumanne iliyofuata Wainaina alitumwa kuling'oa bomba na kulipeleka juu. Taa ya Mfanyakazi iliandika kwamba ugonjwa umekwisha katika shamba moja la Ruiru kwa juhudi za usimamizi.

Maneno hayo hayakupitia kwa Kiilu. Ludlow alimfukuza ile Jumatatu ya kwanza. Siku mbili baadaye askari walimchukua kwa kosa la kuchochea wafanyakazi wakamhoji siku tatu, na walipokosa cha kumshtaki walimwachilia. Akarudi Ngoliba, kwenye shamba la marehemu baba yake, akalima mtama na kunde katika udongo usiomjua vizuri.

Aprili ya mwaka uliofuata, kulipofanyika msako mkubwa, Wainaina alichukuliwa pamoja na wanaume wengine wa laini. Haikuwa kwa ajili ya maji. Mulei alisimama mbele ya karani wa kizungu akasema anamjua mtu huyu, ni fundi tu. Aliambiwa arudi kazini. Mwongeli alifungasha vitu vyake, akambeba mtoto, akaja Ngoliba kwa kaka yake kwa kuwa hakuwa na kwingine.

Waliishi nyumba moja, na kwa miezi mingi Mwongeli alizungumza naye mambo ya kazi tu: jembe liko wapi, mbuzi amekula kunde. Kiilu hakudai zaidi. Jioni moja alijaribu kusema kwamba siku ile ya Jumamosi, pale mlangoni pa kiwanda, alitaka kumwambia. Mwongeli aliendelea kupepeta mtama.

"Ulitaka," alisema. "Lakini mimi nilipanda basi bila kujua."

Barua ilifika Novemba, kutoka kambini alikozuiliwa Wainaina. Mistari mitatu ilikuwa imepakwa wino mweusi na mkaguzi. Mwongeli aliishika muda mrefu, akaigeuza huku na huku, kisha akamkabidhi Kiilu, akaketi mbele yake na mtoto mapajani.

"Nisomee," alisema. "Kilichoandikwa tu. Usiongeze neno, hata la kunifariji. Na pale palipopakwa, uniambie pamepakwa."

Kiilu aliinamisha karatasi kwenye mwanga wa mlango. Barua ilianza kwa salamu. Alisoma salamu. Ikasema Wainaina yu mzima, ila kifua kinamsumbua. Alisoma na kifua pia, ingawa alimwona dada yake akikaza mkono juu ya kichwa cha mtoto.

"Hapa pamepakwa," alisema.

"Endelea," Mwongeli akasema, na kwa mara ya kwanza tangu aje akasogeza kiti chake karibu.